Nyika Iko Wazi, ya Nini Kuongozwa?

Wanaopinga matembezi ya kuongozwa katika nyika na pwani za Uingereza wana historia upande wao, na historia hiyo si nyepesi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda kwa makusudi Kinder Scout, mwinuko uliokuwa umefungwa na wenye ardhi ili ndege wao wa kuwinda wasisumbuliwe, na watano kati ya vijana hao wakaishia jela kutokana na purukushani zilizotokea. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2000 ndipo sheria impe kila aendaye kwa miguu haki ya kuiacha njia na kuikata nyika apendavyo, na hata hapo haki hiyo inagusa takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Kwa mtu aliyekulia katika kumbukumbu hii, tangazo la matembezi ya saa tatu pamoja na kiongozi, kwa kujiandikisha mapema, linasikika kama lango jipya linalojengwa pale pale lango la zamani lilipong'olewa. Wala hofu yake si ya kubuni. Mwaka 2023 Mahakama Kuu iliamua kwamba hakuna haki ya kulala kwenye hema katika nyika ya Dartmoor bila idhini ya mwenye ardhi. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka huohuo, na Mahakama ya Juu ikaja kuumaliza ubishi mwezi Mei 2025 kwa kuithibitisha haki hiyo.

Nimeanza na upande huo kwa sababu ndio unaosikika zaidi, na kwa sababu mengi unayoyasema ni ya kweli. Kinachonitatiza ni kwamba unachanganya ruhusa ya kuingia mahali na uwezo wa kupaelewa. Ramani ya kipimo cha 1:25,000 huionyesha ardhi iliyo wazi kwa rangi ya manjano hafifu, na anayeijua ramani akiuona umanjano huo hujua kwamba ana uhuru wa kuzurura. Asiyeijua huona rangi tu. Akisimama ukingoni mwa nyika, mbele yake kuna mwinuko usio na mti wala nyumba, ukungu unaoweza kushuka wakati wowote, na mistari ya miinuko kwenye karatasi ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha kuisoma. Sheria imemwambia apite, ila miguu yake haijui ielekee wapi. Watu wa namna hii ni wengi kuliko wapenzi wa nyika wanavyodhani: waliokulia mijini, wahamiaji, wanawake wasiojisikia salama kutembea peke yao, na wazee waliowapoteza wenzi waliokuwa wakitembea nao. Kwao kiongozi wa matembezi si lango hata kidogo. Mara nyingi ni mtu wa kujitolea kutoka chama cha watembeaji, au mfanyakazi wa mamlaka ya mbuga, anayewafikisha mahali ambapo haki yao imekuwa ikiwangojea kwa miaka.

Exmoor inalionyesha jambo hili vizuri. Ni mbuga ya taifa ya kusini-magharibi mwa England tangu mwaka 1954, na ni mahali ambapo nyika haimaliziki kwa mteremko wa taratibu bali huanguka baharini kwa magenge, likiwemo la Great Hangman, kilima chenye urefu wa mita 318 ambacho genge lake ni refu kuliko magenge yote ya bahari England. Njia ya Pwani ya Kusini-Magharibi, yenye takriban kilomita 1,014, inaanzia hapo jirani, Minehead. Mtu akiifuata peke yake huchoka na kulalamika: mbona njia inang'ang'ania ukingo, mbona inashuka katika kila kihori na kupanda tena badala ya kukatisha juu? Kiongozi humweleza kwamba sehemu kubwa ya njia hii ilikanyagwa na walinzi wa pwani waliokuwa wakiwasaka wafanyamagendo, na mlinzi hakuwa na faida yoyote kama hangeweza kuchungulia kila ufa ambamo mashua ingeweza kujificha. Baada ya maelezo hayo kila mpando una sababu yake. Miguu inauma vilevile, lakini mtembeaji sasa anajua anafuata nyayo za nani.

Au tuchukue barabara ya mlima Countisbury, hapohapo Exmoor. Usiku wa tarehe 12 Januari 1899 dhoruba iliifanya mashua ya uokoaji ya kijiji cha Lynmouth, Louisa, ishindwe kutia majini, na meli Forrest Hall ilikuwa hatarini upande wa Porlock. Waliamua kuiburuta mashua hiyo nchi kavu kwa farasi na mikono ya watu, takriban kilomita 21, wakipanda mlima, wakivuka nyika na kushuka upande wa pili, na pale njia ilipokuwa nyembamba mno wakaishusha kutoka kwenye gari lake na kuiburuza juu ya magogo. Asubuhi waliitia majini huko Porlock Weir, na mabaharia wa ile meli wote wakapona. Kisa hiki kimeandikwa kwenye vibao vya makumbusho na yeyote anaweza kukisoma akiwa ameketi. Kukisikia ukiwa umepanda mlima huohuo kwa dakika arubaini, na huna hata mkoba wa maana mgongoni, ni jambo jingine kabisa.

Hapa mpinzani atasema kwamba kiongozi huchagua hadithi, na hadithi anazochagua ni tamu. Ni kweli, na nadhani hili ndilo pingamizi lake lenye nguvu kuliko yote. Ni rahisi kusimulia mashujaa wa dhoruba na kuwaruka waliofukuzwa au kufungiwa nje. Ni rahisi zaidi kuiita nyika pori asilia, wakati miinuko hii iliachwa bila miti kwa kazi ya binadamu: ukataji ulioanza kabla ya historia kuandikwa, malisho ya kondoo na ng'ombe, na moto wa kupangwa. Sehemu kubwa ya msitu wa kifalme wa Exmoor, ambao licha ya jina lake haukuwa na miti mingi, iliuzwa mwaka 1818 kwa mwenye viwanda vya chuma, John Knight, akaizungushia ukuta na kuanza kuigeuza mashamba. Kiongozi anayeyanyamazia haya anawapunja wageni wake. Hata hivyo kibao cha maelezo nacho huchagua hadithi, na kibao hakiulizwi swali. Kiongozi huulizwa, na siku ambayo miongoni mwa wageni yumo mfugaji wa eneo hilo, husahihishwa mbele ya watu wote.

Lakini linalonikaa moyoni zaidi ni milimita moja. Udongo wa mboji wa nyika, ule mweusi ulioshiba maji, hujengeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, mimea ikifa bila kuoza kikamilifu. Sentimita kumi za udongo huo ni karne nzima, na mita moja ni miaka elfu. Sidai kwamba buti likizama sentimita kumi linafuta miaka mia. Mara nyingi udongo hubonyea tu. Hasara huanza pale ngozi ya mimea inapochanika, kwa kuwa mvua na upepo huchukua kilichobaki wazi, na kikishaondoka hakuna bajeti ya kukirudisha ndani ya uhai wa mtu. Anayetembea peke yake akikutana na dimbwi, hulizunguka kwa nia njema kabisa ili asiharibu njia, na anayemfuata hulizunguka kwa mbali kidogo zaidi. Kiongozi anayejua kazi yake huwaambia watu wapite katikati ya matope.

Mpinzani ana jibu hapa pia, nalo ni Pennine Way, njia iliyofunguliwa mwaka 1965 na kupendwa kupita kiasi. Watu walipokusanywa kwenye mstari mmoja, sehemu za mstari huo zikapanuka na kuwa ukanda wa matope, hadi ikabidi zitandikwe mabamba ya mawe, mengine yakitoka kwenye sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa. Kwa hiyo kuwakusanya watu hakutoshi kuilinda nyika. Ninachokubali kutokana na mfano huo ni kwamba kiongozi anayerudia njia ileile kila Jumamosi ni tatizo. Sioni kama unathibitisha kwamba watu haohao, wakiachwa wasambae bila kujua wanachokikanyaga, wangeleta madhara madogo kuliko hayo.

Kuhusu viumbe, mizani inaegemea zaidi upande wa kiongozi. Sululu, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, hutaga mayai manne kwa kawaida, kwenye kishimo kifupi ardhini katikati ya majani, na huyaatamia kwa karibu mwezi mzima. Idadi ya sululu wanaozaliana Uingereza imepungua kwa karibu nusu tangu katikati ya miaka ya 1990. Akishtuliwa huondoka kimyakimya kabla hujafika, kisha hurukaruka juu yako akilia, na mgeni hukiona kilio hicho kuwa uzuri wa nyika, akasimama kupiga picha huku mayai yakipoa na kunguru wakiangalia. Sheria inataka mbwa wafungwe kamba fupi kwenye ardhi ya wazi kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, lakini haimwambii mwenye mbwa kilio kile kina maana gani. Kiongozi ndiye anayesema: tunasumbua, tuondoke.

Pwani nako ni hivyohivyo. Mlango-bahari wa Bristol una tofauti kubwa ya maji kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, mtu aliyezunguka rasi kwa kukanyaga kokoto kavu anaweza kugeuka na kukuta bahari imeifikia miguu ya genge.

Hata hivyo kuna kundi la matembezi ambalo siwezi kulitetea, nalo ni lile la watu ishirini au zaidi wanaopelekwa katikati ya nyika mwezi Mei kwa sababu hali ya hewa ni nzuri na nafasi zimejaa. Hapo ujuzi wa kiongozi hauokoi kitu, kwa kuwa uzito wa kundi lenyewe ndio usumbufu. Mamlaka za mbuga zinazopanga ratiba zina dawa isiyo na gharama kubwa: kuanzia Machi hadi Julai matembezi ya makundi yaelekezwe ufukoni, kwenye mabonde yenye miti na kwenye vijiji vya bandari, na nyika ya juu isubiri Agosti, vichaka vinapochanua zambarau na makinda ya sululu yameshajua kuruka.