Maktaba ifungwe saa ngapi?

Saa kumi na mbili kasorobo jioni mlinzi anaanza kupita kati ya meza akitikisa funguo. Hasemi kitu, kila mtu anaujua mlio ule. Madaftari yanafungwa, kalamu zinarudi mifukoni, na baada ya dakika chache vijana thelathini, arobaini, wako nje ya geti la maktaba ya mkoa wetu na jua halijazama. "Haya wanangu, kesho tena," mzee anawaambia. Wengine hawaondoki. Wanakaa kwenye kibaraza cha duka la jirani, chini ya taa, na kuendelea na diskasheni yao ya Kemia mpaka mwenye duka afunge.

Hiyo ilikuwa Oktoba, mtihani wa kidato cha nne ukiwa umebakiza wiki chache. Kila nikipita pale moyo unaniuma, kwa sababu nami nimewahi kukaa kwenye kibaraza kama kile. Nilirisiti kidato cha nne huku nikiuza duka la shangazi. Nilikuwa namkabidhi hesabu saa kumi jioni, kisha nakimbilia maktaba nipate walau saa moja na nusu ya kujisomea. Nyumbani tulikuwa watu saba katika chumba na sebule. Redio ya jirani ukuta wa huku, watoto wachanga ukuta wa kule. Cheti nilicho nacho leo kilitoka katika ile saa moja na nusu. Mwaka mzima sikuazima hata kitabu kimoja. Nilisaini daftari la mlangoni, nikakaa, nikapiga msuli, nikafukuzwa na mlio wa funguo.

Ndiyo maana napata shida ninaposikia wakutubi, na hasa wakubwa wao, wakilalamika kwamba vijana wanakuja na madaftari yao na hawagusi vitabu vya rafuni, kwamba wanaigeuza maktaba kuwa darasa. Ukisoma taarifa za mwaka za maktaba nyingi utakuta vitabu vilivyonunuliwa, vitabu vilivyoazimwa, wanachama wapya. Hayo ni ya lazima. Lakini meza, kiti, taa na ukimya ni huduma pia, na katika mji wetu ni huduma adimu kuliko kitabu. Kitabu cha kiada kijana anaweza kukipata kwenye simu ya rafiki yake. Ukimya haununuliki popote ukiwa na shilingi elfu mbili mfukoni.

Tukumbuke maktaba hizi zilianzishwa kwa ajili ya nani. Sheria ya kwanza ya Huduma za Maktaba nchini ni ya 1963, na Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tarehe 9 Desemba 1967. Wakati huo takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Miaka mitatu baadaye, 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika muongo uliofuata wakulima, mama wa nyumbani na vibarua wakakaa madarasani baada ya kazi. Baada ya kazi! Aliyepanga masomo yale alijua kwamba mtu anayefanya kazi mchana hujifunza jioni. Sasa sisi tumebaki na majengo yenye saa za ofisi, yanayofunguliwa mfanyakazi akiwa kazini na kufungwa akiwa ndani ya daladala anarudi.

Wenzetu wa Kenya walipoona wafugaji wa Garissa hawawezi kuifuata maktaba, mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ilianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia. Msomaji anahama, kitabu kinamfuata. Msomaji wa mjini kwetu hahami, ila anapatikana jioni tu. Kumfuata yeye hakuhitaji ngamia.

Nikipewa nafasi ya kupanga mwaka wa maktaba yetu, ningeanza na kalenda ya watu wenyewe. Januari na Februari mambo ni mepesi, wazazi wanahangaikia sare na madaftari. Hapo ndipo pa kuhesabu vitabu na kuunga majalada yaliyochanika. Mei kidato cha sita wanafanya mtihani. Juni shule zinafungwa na watoto wanarandaranda mitaani, na tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Nafurahi kuona maktaba nyingi zikifanya sherehe siku hiyo, lakini mtoto aliyepakwa rangi usoni na kupewa juisi tarehe 16 anahitaji kukuta hadithi tarehe 17 na 18 na wiki nzima inayofuata. Pale mtaani kwangu kuna bibi wanne ninaowajua ambao wakisema "paukwa" watoto wote wanakaa chini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kualikwa. Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na siku hiyo ningewaita hao hao, pamoja na washairi wetu wa hapa, kabla sijafikiria mgeni rasmi.

Kisha Septemba darasa la saba, Novemba kidato cha nne. Hiyo miezi mitatu, Septemba mpaka Novemba, ndiyo ninayoipigania. Maktaba ifungwe saa mbili na nusu usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, na Jumapili ifunguliwe kuanzia saa nane mchana. Miezi mitatu tu kwa kuanzia.

Najua kuna la kujibu. Wakutubi ni watu, wana nyumba na watoto, na wengi wao tayari wanafanya kazi ya watu wawili. Kuwaongezea saa bila kuwaongezea watu wala posho ni dhuluma, na sitaki maktaba ya aina hiyo. Iwepo zamu ya pili, na halmashauri iilipie. Jengo zima halina sababu ya kuwa wazi. Ukumbi mmoja wa chini unatosha, rafu za juu zikafungwa, akabaki mkutubi mmoja na mlinzi. Umeme wa ukumbi mmoja kwa saa mbili na nusu hauwezi kuishinda halmashauri inayowasha taa za barabarani mpaka asubuhi.

Suala la wasichana kurudi nyumbani usiku ni zito zaidi, na silipuuzi. Mdogo wangu wa kike asingeruhusiwa. Lakini hata sasa wapo wasichana kwenye kile kibaraza cha duka, bila mlinzi, bila mtu anayejua majina yao. Ndani ya ukumbi wangesaini kuingia na kutoka, mzazi angejua wako wapi, na wanaokaa njia moja wangeondoka kwa pamoja. Wazazi waitwe wakae na mkutubi wapange wenyewe. Naamini watapanga vizuri kuliko mimi.

Na wale wazee wastaafu wanaofika kila asubuhi kusoma magazeti, wasiguswe. Asubuhi ni yao.

Nimepeleka barua maktaba wiki iliyopita, na nakala kwa afisa elimu wa manispaa. Nimeandika humo kwamba nitajitolea kukaa kwenye dawati la mlangoni jioni mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, kwa miezi yote mitatu. Dada mmoja wa mtaani, mwalimu wa Hisabati, amesema atachukua Jumatano.