Bati Litatoka Wapi? Kuhusu Kubuni Staarabu za Kale Katika Mchezo wa Historia Mbadala

Katika mchezo wa historia mbadala unaochezwa na kundi, kila mchezaji hupewa jamii ya kuisimamia, na wote kwa pamoja huandika, zamu baada ya zamu, historia ambayo haikutokea. Michezo mingi ya aina hii huanzia zama zinazojulikana vizuri, kwa vita vilivyomalizika kwa namna nyingine au mfalme aliyeishi badala ya kufa. Kundi linapoamua kurudi nyuma zaidi na kubuni ustaarabu mzima wa kale, huzuka mabishano ambayo nimeyashuhudia mara nyingi. Upande mmoja hudai kwamba jamii ya kubuni lazima itii ardhi, hali ya hewa, mimea na madini kama yalivyokuwa. Upande wa pili hujibu kwamba huu ni mchezo, na kwamba anayetaka kutii kila kilichokuwapo akasome historia yenyewe. Nimewahi kusimama pande zote mbili, na naona kila mmoja una hoja za kuheshimiwa, ingawa katika mizani yangu hazina uzito sawa.

Nianze na mfano ulionifanya nilitazame jambo hili kwa uzito. Mchezaji mmoja katika kundi letu alipendekeza ustaarabu kando ya ziwa kubwa la kale, mahali ambapo leo ni Sahara. Hadi takribani miaka 5,000 iliyopita eneo hilo lilikuwa na mvua, mbuga na mito, na Ziwa Chad la wakati huo lilitandaa katika zaidi ya kilomita za mraba 300,000, likiwa kubwa mara kadhaa kuliko ziwa lolote la maji baridi tulilo nalo sasa. Mtumbwi uliogunduliwa mwaka 1987 huko Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria, una umri wa takribani miaka 8,000. Mabaki ya mafuta ya maziwa yaliyonaswa katika vigae vya vyungu kutoka Sahara ya Libya yanaonyesha kwamba watu walikuwa wakikamua ng'ombe katika milenia ya tano KK. Kwa hiyo wavuvi, wafugaji na mitumbwi vilikuwapo tayari. Badiliko aliloliomba mchezaji huyu lilikuwa moja tu: uwele, ambao katika historia halisi ushahidi wa wazi wa kulimwa kwake unapatikana nchini Mali karibu na mwaka 2500 KK, ulimwe miaka elfu mbili mapema zaidi. Tulimkubalia, na jamii yake tukaiita Watu wa Ziwa.

Baada ya zamu kadhaa aliandika kwamba mafundi wa Watu wa Ziwa wameanza kuyeyusha bronzi. Mchezaji mwenzake akamwuliza swali fupi: bati litatoka wapi? Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, na bati ni madini adimu yasiyopatikana kila mahali. Meli ya Uluburun, iliyozama pwani ya kusini ya Uturuki mwishoni mwa karne ya 14 KK, ilikuwa imebeba takribani tani kumi za shaba na tani moja ya bati, na mzigo huo peke yake unaeleza jinsi falme za wakati ule zilivyotegemea njia ndefu za biashara ili kupata metali ya mapanga yao kabla chuma hakijaanza kutumika kwa wingi. Mwenye Watu wa Ziwa angeweza kukasirika. Badala yake alichukua ramani na kutafuta. Aligundua kwamba Uwanda wa Jos nchini Nigeria, kusini magharibi mwa ziwa, una bati kwa wingi, kiasi kwamba wachimbaji wa bati ndio waliofukua sanamu za kwanza za udongo za Nok, utamaduni wa kale wa Nigeria, mwaka 1928. Aligundua pia kwamba shaba inapatikana katika eneo la Aïr nchini Niger, mamia ya kilomita kuelekea kaskazini magharibi. Ghafla ziwa likawa katikati ya njia ya biashara. Watu wa milimani, ambao hapo awali walikuwa jina tu pembezoni mwa ramani, wakawa na kitu cha kukataa kuuza. Zamu tatu zilizofuata, pamoja na vita, ndoa ya kisiasa na sheria ya mizani, zilizaliwa na swali hilo moja.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya upande wa kwanza. Ustaarabu uliopewa kila kitu bure hauna cha kusimulia, kwa sababu hadithi hutoka katika upungufu na katika njia ambazo watu huzitafuta ili kuukabili. Mchezaji anayeandika kwamba jamii yake ina jiji la watu laki moja hana budi kueleza chakula kinatoka wapi, nani anakihifadhi, na nani anapata mamlaka kwa kushika ufunguo wa ghala.

Hata hivyo, watetezi wa upande huu huteleza mahali pamoja, tena mara kwa mara. Huichukulia historia kama ngazi: kwanza ufinyanzi, kisha kilimo cha nafaka, kisha gurudumu, kisha maandishi, na anayeruka kipago hukemewa. Ardhi haijui ngazi hiyo. Huko Caral, katika pwani ya Peru, watu walijenga piramidi katika milenia ya tatu KK bila kuwa na vyungu vya udongo, huku uchumi wao ukisimama juu ya pamba iliyosokotwa nyavu na samaki waliovuliwa kwa nyavu hizo. Wainka walitawala milki yenye barabara za urefu wa takribani kilomita 40,000 bila magari ya magurudumu, na hesabu za serikali zilihifadhiwa kwa mafundo ya kamba yaitwayo kipu. Mchezaji anayekataa milki isiyo na maandishi kwa madai kwamba haiwezekani, anaikataa milki iliyokuwapo.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya kusema kwamba mchezo ni mchezo. Hoja yao bora ni kwamba ujuzi wetu wa yaliyowezekana zamani hubadilika. Fikiria kwamba mwaka 1990 mchezaji angependekeza jamii ya wawindaji na wakusanyaji wanaochonga nguzo za mawe zenye urefu wa zaidi ya mita tano, wakizipamba kwa mbweha, nge na ndege wakubwa, takribani mwaka 9500 KK, kabla kilimo hakijaimarika popote. Wajuzi wote mezani wangemkatalia. Uchimbaji ulipoanza Göbekli Tepe, Uturuki, mwaka 1995, chini ya mwanaakiolojia Klaus Schmidt, nguzo hizo zilionekana zimesimama. Ardhi ilikuwa imezificha tu.

Hoja yao nyingine inahusu watu wanaocheza, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mahali ambapo kila pendekezo hupimwa kwa ukali wa kitaaluma, msemaji huwa ni yule aliyesoma sana, au anayejifanya amesoma. Nimemwona mchezaji mpya akileta wazo zuri la jamii inayorithisha mashamba kupitia kwa dada wa marehemu, akapewa majibu ishirini kuhusu mbolea na chumvi ya udongo, na wala hakuandika tena. Kundi lilipoteza mtu aliyekuwa na jicho la kuona mambo ya ukoo, jambo ambalo wajuzi wetu wa udongo hawakulijua hata kidogo. Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko kosa lolote ambalo angeweza kulifanya kuhusu shayiri.

Ninachokitetea, basi, ni namna ya kuuliza. Kusema kwamba jambo haliwezekani hufunga mlango, na kwa kawaida msemaji hawezi kulithibitisha. Kuuliza bati litatoka wapi humwachia mwenye jamii kazi ya kutafuta njia, na humpa kila aliyeko mezani nafasi ya kumsaidia. Mambo ya ardhi, maji, chakula na madini yaulizwe hivyo bila kuoneana haya. Miungu, ukoo, sheria, majina na namna ya kuzika wafu viachwe mikononi mwa mchezaji, kwa sababu katika mambo hayo binadamu wa kweli wamekuwa wa aina nyingi kuliko tunavyoweza kubuni.

Suala gumu zaidi ni la mawimbi, yaani jinsi badiliko moja linavyoenea na kubadili mengine. Ikiwa Watu wa Ziwa wamekuwapo tangu mwaka 4500 KK, je, Misri itakuwapo? Watafiti huhusisha kukauka kwa Sahara na kusogea kwa wafugaji kuelekea bonde la Nile katika kipindi kilichotangulia kuungana kwa Misri, karibu na mwaka 3100 KK. Watu hao wakipata jiji la kukimbilia kando ya ziwa, bonde linapungukiwa na wakazi. Mchezaji aliyekuwa ameshika Misri alilalamika, na alikuwa na haki, kwa kuwa wengi hujiunga na mchezo wa namna hii ili kukutana na mambo wanayoyafahamu katika sura mpya, na dunia isiyo na jina hata moja wanalolitambua huwa haina ladha ya historia. Walio wakali zaidi hudai kwamba baada ya historia kuchepuka mapema namna hiyo hakuna mtu hata mmoja wa historia yetu atakayezaliwa. Kimantiki wako sahihi, nami nakubali kwamba Narmer, mfalme anayehusishwa na kuungana kwa Misri, hana nafasi katika dunia ile. Lakini mvua za nyanda za juu za Ethiopia zitaendelea kuijaza Nile kila mwaka, mafuriko yataendelea kuacha tope jeusi, na bonde jembamba lililozungukwa na jangwa litaendelea kumshawishi mtu fulani kulitawala lote. Watu wafutwe, mto ubaki. Mwenye Misri alikubali, akabuni nasaba nyingine kabisa.

Kuna jambo moja ambalo silioni kuwa suala la ladha. Ustaarabu wa kubuni ukiwekwa juu ya magofu ya watu halisi ili kueleza nani aliyeyajenga, mchezo unagusa jeraha. Kuta za Great Zimbabwe zilijengwa na mababu wa Washona, na bado waandishi wa enzi za ukoloni walizihusisha na Wafoinike na Malkia wa Sheba. Wanaakiolojia David Randall-MacIver, aliyechunguza mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson, mwaka 1929, wote walithibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika, lakini dai la wageni wa ajabu liliendelea kuhubiriwa kwa miongo mingi kwa sababu lilikuwa na faida kwa watawala. Wapo wanaojibu kwamba wachezaji wanajua wanabuni na hakuna anayedanganyika. Jibu hilo lina ukweli kuhusu wachezaji wenyewe, ila halitoshi, kwa sababu anayeandika kwamba taifa lililopotea ndilo lililowafundisha Wamaya kujenga anarudia umbo la uongo uliowahi kutumika kuwanyang'anya watu ardhi yao. Akitaka taifa lililopotea, alipe mahali pake na magofu yake. Bahari ya Kaskazini ina nchi nzima, inayoitwa Doggerland, iliyomezwa na maji baada ya barafu kuyeyuka. Hapo panatosha kwa ndoto nyingi.

Tulipofika mwaka 3200 KK katika mchezo wetu, mwenye Watu wa Ziwa aliomba ukame ufutwe. Alikuwa ameiandika jamii hiyo kwa miezi, na ombi lake halikuwa la kitoto. Aliuliza kwa nini watu wake peke yao wapoteze nchi ilhali wengine wote wanapanua mipaka. Tulijadiliana kwa muda mrefu. Ukame ule ulitokana na mabadiliko ya taratibu ya mhimili na mzunguko wa dunia yaliyodhoofisha mvua za pepo za monsuni, jambo ambalo hakuna mfalme wala kuhani wa mchezo angeweza kulifikia. Tena sehemu ya sakafu ya ziwa lile ndiyo bonde la Bodélé la leo, moja ya vyanzo vikubwa vya vumbi duniani, na sehemu ya vumbi hilo huvuka Atlantiki hadi Amerika Kusini, ambako mchezaji mwingine alikuwa na mashamba yake. Mimi nilipiga kura ukame ubaki, na ukabaki, kwa sharti kwamba mwenyewe aamue watu wake wataupokea vipi.

Hakuandika vita wala laana ya miungu. Aliandika kwamba kila kizazi kilisimika nguzo mpya ya gati mahali maji yalipofika, na zile za zamani ziliachwa zimesimama mchangani. Katika zamu ya mwisho niliyoisoma, kutoka nguzo ya kwanza hadi majini ulikuwa mwendo wa siku mbili, na watoto waliotumwa kuchota maji walikuwa wakijifunza kuhesabu kwa nguzo hizo.