Cheti kwa aliyeungua, na Hajati yuko jikoni

Vijana sita walipangwa mstari chini ya hema, kila mmoja kwenye kiti cha plastiki, mashati yamepigwa pasi. Ilikuwa Jumapili, na mtaa wetu hapa Kampala ulikuwa unawatuza waliouzima moto ulioteketeza karakana ya samani na vyumba vinne vya kupanga miezi miwili kabla. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alisoma majina, afande wa zimamoto akatoa mkono, vyeti vilivyofunikwa plastiki vikagawiwa. Wa mwisho, kijana wa boda boda, alipokea chake kwa mkono wa kushoto. Mama mmoja nyuma yangu akaguna, "Kwa kushoto?" Jirani yake akamkanyaga mguu. Mkono wa kulia wa yule kijana ulikuwa bado na ngozi mpya, ya waridi, kutoka kiwiko hadi kidole gumba.

Nilipiga makofi kama wengine. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nikaanza kujiuliza tulikuwa tunapigia makofi kitu gani hasa.

Tuelewane kwanza tunamzungumzia nani. Kuna nchi ambako mzimamoto wa kujitolea ana kofia yake, ana zamu, na jina lake liko kwenye orodha ya kituo. Uganda kazi hii ni ya polisi. Zimamoto ni kurugenzi ndani ya polisi, na ukipiga 999 au 112 wanaopokea ni wao. Kwetu anayejitolea ni yeyote ambaye moto umemkuta karibu: fundi seremala, muuza chapati, kijana wa stegi ya boda boda, au pengine mtu wa Msalaba Mwekundu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Hayumo kwenye orodha yoyote. Tunamjua baada ya moto, na mara nyingi tunamjua kwa kovu.

Wanaotetea tuzo za namna hii wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko upande wao. Moto wa mtaani hauna subira. Chumba kidogo chenye godoro la sponji, pazia la nailoni na mtungi wa gesi huwaka chote kwa dakika chache, na dakika hizo ni za jirani. Gari bado liko kituoni, au limekwama kwenye foleni, au linatafuta namna ya kuingia kwenye kichochoro ambacho hata pikipiki hupita kwa kuomba njia. Likifika, hesabu yake ni hii: gari la lita 4,000 likimwaga lita 800 kwa dakika linakauka kwa dakika tano. Hapo ndipo umati unapopiga kelele kwamba wamekuja bila maji, na wakati mwingine mawe hufuata. Maji walikuja nayo. Yameisha, na bomba la kujazia haliko karibu. Anayejua kisima kiko nyuma ya nyumba ya nani ni mwenyeji, na afande akimjua mwenyeji huyo kwa jina, hata mawe hupungua.

Halafu kuna suala la kumbukumbu. Soko la Owino liliungua Februari 2009, likaungua tena Julai 2011. Tarehe tunazo. Majina ya waliokuwa wakipitisha ndoo huku wenzao wakiokoa marobota yao ya mitumba, hayo hayakuandikwa popote ninapopajua.

Tena, ukiangalia tulikotoka, kumwita mtu mzimamoto na kumpa heshima si jambo dogo. Enzi za mkoloni, wazee wa Kampala waliliogopa neno lenyewe. Ilivuma kwamba bazimamwoto, yaani wazimamoto, hukamata watu usiku na kuwanyonya damu, na mtoto mtundu aliweza kutishwa nalo. Leo linasomwa chini ya hema na mama mzazi anapiga vigelegele.

Upande wa pili niliusikia siku hiyohiyo, kwenye pilau. Afande mstaafu aliyekaa karibu nami aliniambia kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichozunguka: "Nyinyi mnapatia huyu cheti sababu aliingia ndani. Kesho watoto kumi nao wataingia." Nilitaka kubisha, kisha nikakumbuka Namungoona. Tarehe 29 Juni 2013 lori la petroli lilipata ajali pale, kwenye Northern Bypass, barabara ya mchepuko ya Kampala. Watu wakalikimbilia, wengine na jerikeni za kukinga mafuta, moto ukalipuka, zaidi ya 30 wakafa. Oktoba 2024 ikawa Kigogwa, barabara ya kwenda Bombo: lori, mafuta yanayomwagika, umati, na maiti zisizopungua 11. Uthubutu haukukosekana katika sehemu hizo mbili. Kilichohitajika ni watu wa kusimama mbele ya wenzao na kuwaambia warudi nyuma, wakatukanwa, wakaendelea kusimama. Na kama wangefaulu, pasingekuwa na moto wala picha, na hakuna kamati ambayo ingewaita kuwapa mkono.

Hapo ndipo ninapokwaruzana na tuzo zetu. Zinataja ujasiri na huduma kwa jamii kwa pumzi moja, kana kwamba ni kitu kimoja. Moto wa mtaa wetu niliuona, basi niueleze.

Ulianza saa tatu usiku kwenye karakana, maranda yamerundikwa karibu na sigiri ambayo mlinzi alikuwa anachemshia chai. Wa kwanza kufikiria umeme alikuwa muuza chapati wa pale kona. Alivunja kisanduku cha mita kwa kile kijiti chake cha kusukumia unga, akazima swichi kubwa kabla mtu hajamwaga ndoo ya kwanza. Wa pili ni Hajati. Ana tangi la lita 5,000, maji ya kuuza, jerikeni kwa jerikeni. Ndiyo riziki yake. Alifungua kufuli, akasimama pale na tochi akipanga mistari miwili: zilizojaa zinapita huku, tupu zinarudi kule, na anayeruka foleni anachapwa kanga mgongoni. Nadhani moto uliishia vyumba vinne badala ya ishirini kwa sababu ya mistari ile miwili. Kijana wa boda yeye aliingia mara mbili. Mara ya kwanza alimtoa mtoto. Mara ya pili alirudi kuchukua televisheni ya mpangaji aliyekuwa akilia nje, na hapo bati likamshukia mkononi.

Sisemi haya kumdharau. Kumtoa mtoto kunatosha kumpa mtu heshima ya maisha. Ila cheti hakikutenganisha mtoto na televisheni, na vijana waliokuwa wakitazama nao hawakutenganisha. Muuza chapati hakuitwa. Hajati alikuwa nyuma ya hema, jikoni, anageuza sufuria la pilau ya wageni, na maji yake mpaka leo hayajalipwa.

Kuna jingine. Kijana alilazwa wiki tatu, na waliolipa ni wenzake wa stegi, kwa kuchanga. Sheria yetu ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeajiriwa. Jirani aliyekimbilia moto hana mwajiri wa kumdai. Wapinzani wa tuzo wanasema cheti kimekuwa njia rahisi ya kulipa deni ambalo serikali na halmashauri hazitaki kulihesabu. Hema, viti na pilau ni bei nafuu kuliko mabomba ya kujazia magari ya zimamoto mitaani. Siwezi kuwakatalia. Ninachowakatalia ni ile hitimisho yao, kwamba basi tuache kuwatuza watu mpaka mabomba yaje. Tutangoja sana.

Waliotangulia katika jambo hili wameshalipa ada ya kujifunza. Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, tarehe 4 Mei, ilizaliwa kutokana na msiba wa watu wa kujitolea. Desemba 1998, huko Linton, jimbo la Victoria nchini Australia, upepo uligeuka ghafla na moto wa msituni ukalifunika gari la wazimamoto watano wa kujitolea kutoka Geelong West. Wote walikufa. Walikuwa na gari, sare na redio, na bado. Wenzao waliweka siku ya kuwakumbuka, lakini hawakuishia kwenye maua. Uchunguzi ulifanyika, na masharti ya mafunzo kwa kila anayejitolea yakakazwa. Chile nako, ambako kikosi cha kwanza kiliundwa Valparaíso mwaka 1851, wazimamoto hawalipwi mshahara mpaka leo, na wengi hutoa ada mfukoni mwao ili kuwa wanachama. Heshima yao ni kubwa kweli, ila huanza siku mtu anapoandikishwa kikosini. Kwetu huanza siku anapotoka hospitali.

Askari wa zimamoto wenyewe nao wana kinyongo, ingawa wanakisema kwa sauti ya chini. Wao huingia kwenye moshi kila wiki, wanarudi kwenye chumba kimoja cha kambini, na hakuna anayewapikia pilau. Kinyongo cha haki, lakini kinatibika: waitwe siku moja, hema moja.

Kuhusu nishani za taifa sitakaa sana. Sheria ya tuzo ya mwaka 2001 ipo, na kila tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, watu huvishwa nishani. Uzito wake umeegemea historia ya vita na siasa. Hata nishani ya Nalubaale, ambayo ni ya raia, inawatazama waliochangia maendeleo ya kisiasa ya nchi. Sioni ubaya kuongeza mlango wa mtu aliyezima moto. Nina wasiwasi tu kwamba mlango wa juu namna hiyo watapita wanaojuana na bawabu.

Mimi ningeanzia chini. Kituo cha zimamoto kiwe na daftari, kila mtaa utoe watu kumi, wafundishwe wikendi mbili: namna ya kuzima umeme, wakati wa kutumia mchanga badala ya maji, na wakati wa kukaa nje. Wapewe glavu na mtarimbo. Mtarimbo ninautaja makusudi. Aprili 2008 bweni la shule ya Budo Junior liliungua na wasichana karibu 20 wakafa. Oktoba 2022 moto wa bweni ukaua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salaama, Mukono. Bweni likiwaka usiku, jirani anayekimbilia hukutana na madirisha ya vyuma na mlango uliofungwa. Moyo anao. Anachokosa ni chuma cha kuvunjia, na awe ameshaonyeshwa mchana ni dirisha lipi lililo jepesi. Kisha, kwa walioandikwa, pawe na bima ya matibabu, hata ndogo, ilipwe na halmashauri.

Najua daftari nalo lina balaa lake. Likikaa kwa mwenyekiti litajaa wapwa zake. Likikaa kituoni, kituo kiko mbali na hakuna atakayelisoma. Na Hajati, kwa umri wake, hawezi kupita mafunzo yoyote ya kubeba mtu mgongoni. Kama tuzo itafuata daftari peke yake, ataachwa tena, safari hii kwa utaratibu. Kwa hiyo bado nataka hema liwepo, na nataka wanaochagua majina wawe wameuliza kwanza nani alifungua maji na nani alizima umeme, kabla ya kuuliza nani aliungua.

Jioni ile watu walipotawanyika, kijana wa boda alinifuata na cheti chake. Kimeandikwa kwa Kiingereza, akaniomba nimsomee. "Kwa ujasiri na huduma kwa jamii," nikamwambia. Akatikisa kichwa, akakigeuza kuangalia kama nyuma kuna maandishi mengine.