Tahajia ya Zamani Si Kosa

Jumatano iliyopita binti yangu, yuko kidato cha pili, alirudi na insha ya Kiingereza iliyojaa wino mwekundu. Baada ya chakula cha usiku nikaichukua nikaisoma. Nilijua nitakuta makosa ya nyakati za vitenzi, maana hapo ndipo anapoteleza siku zote. Sikuyakuta. Nilikuta "organize" imezungushiwa duara mara tatu, "realize" mara moja, "judgment" mara moja, na "to-day" imekatwa kwa mstari mzito mpaka karatasi imetoboka. Pembeni mwalimu ameandika kwamba hapa tunatumia Kiingereza cha Uingereza, si cha Marekani. Alama sita zimekwenda.

Alama zitarudi muhula ujao, hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni ile "to-day", kwa sababu najua alikoitoa.

Marehemu baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko Muheza, miaka ya 1950. Alituachia sanduku la bati lenye nakala za barua alizopiga na alizoandika kwa mkono, zile karatasi nyembamba za kaboni ambazo ukizishika vibaya zinachanika. Likizo iliyopita binti yangu alikuwa anakaa barazani anazisoma moja moja. Humo mna "to-day" na "to-morrow" zenye kistari katikati. Mna "connexion" yenye x. Mna taarifa za mizani ya mkonge zenye neno "shewing" pale ambapo mimi na wewe tungeandika "showing". Mwandiko wa baba ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula, na mtoto akaupenda. Akaiga neno moja tu. Sasa ameambiwa kwa kalamu nyekundu kwamba babu yake hakujua Kiingereza.

Hilo nalikataa. Baba aliandika kama walivyoandika Waingereza wa wakati wake. Kistari cha "to-day" kilikuwa jambo la kawaida kwenye magazeti na vitabu vya Uingereza mpaka karne ya 20 imeingia kabisa. "Connexion" yenye x bado ipo hai: Kanisa la Methodisti la Uingereza linajiita hivyo mpaka leo. "Shew" imejaa kwenye Biblia ya King James ya mwaka 1611. Kama baba alikosea, basi alikosea pamoja nao wote.

Lakini nataka nikae kwenye hiyo z, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watoto wengi zaidi, na ndiyo ambayo watu wazima, wakiwemo wahariri na maofisa wenye vyeo, wanaiongelea kwa uhakika mkubwa huku hawajafungua kamusi. Imani iliyoenea ni kwamba s ni ya Uingereza na z ni ya Marekani, basi. Si kweli. Kiambishi hicho cha mwishoni, "-ize", asili yake ni Kigiriki, na Wagiriki walikiandika kwa zeta, herufi yao ya z. Kikaingia Kilatini na z ile ile. Waliokigeuza kuwa s ni Wafaransa, na Kiingereza kilipokopa kutoka pande zote mbili, kikabaki na tahajia mbili. Waingereza walikuwa wakiandika z kabla Marekani haijawa nchi. Hiyo Biblia ya 1611 inaandika "baptize", wala hakuna aliyeiita ya Kimarekani.

Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo ndiyo tunayoitaja tukitaka kumaliza ubishi, ilianza kuchapishwa kwa mafungu mwaka 1884. Tangu siku hizo mpaka leo inaweka "organize" na "realize" kwa z. Umoja wa Mataifa nao unafuata tahajia ya Oxford. Mfano mzuri kuliko yote ni jina la Shirika la Kazi Duniani, lisome herufi kwa herufi: International Labour Organization. Neno la pili lina u ambayo Mmarekani haandiki. Neno la tatu lina z ambayo tunaambiwa Mwingereza haandiki. Yamekaa pamoja kwenye jina moja, na hakuna kosa hata nukta. Mwanafunzi wetu akilinakili jina hilo kwenye insha yake, mwalimu atalizungushia duara.

Simaanishi kwamba s ni makosa. Waingereza wengi siku hizi wanaandika s, na magazeti yao vilevile. Ninachosema ni kwamba zote mbili ni za kwao. Kama kuna somo la kumpa mtoto hapo, ni kwamba "advertise", "surprise" na "exercise" siku hizi kwa kawaida haziandikwi kwa z, Uingereza wala Marekani, na kwamba "analyse" inabaki na s Uingereza nzima, hata Oxford kwenyewe. Hapo ndipo anayependa z huanguka kweli. Ukimfundisha hilo, umemfundisha kitu cha kumsaidia maisha yake yote.

"Judgment" sitaiongelea sana. Hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania zinaandikwa juu "Judgment of the Court", bila e, na mahakama za Uingereza ni hivyo hivyo. Binti yangu anataka kuwa mwanasheria.

Ijumaa nikaenda shuleni. Mwalimu ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, ana daftari zimepangwa mezani mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba mwalimu. Habari za kazi?"

Nikamweleza kwa utaratibu, nikamwonyesha picha ya ukurasa wa kamusi niliyopiga kwa simu. Akaisoma mara mbili. Hakunibishia. Akasema, "Mzee, mimi nilifundishwa hivi, na atakayesahihisha mtihani wake wa mwisho huenda naye alifundishwa hivi. Nikimwachia leo, kesho atakatwa na mtu ambaye huwezi kwenda kumwona."

Nilikaa kimya. Ni hoja nzito na sina jibu jepesi la kumpa mwalimu mwenye daftari zaidi ya mia mbili kwa wiki. Nakubali pia kwamba lazima mwandishi achague njia moja. Huwezi kuandika "colour" aya ya kwanza na "color" aya ya tatu, au "organise" juu na "organize" chini. Hapo kata alama, sina neno. Wala simtetei mtoto atakayeandika "shew" kwenye barua ya kuomba kazi leo, maana msomaji atadhani kidole kimeteleza.

Ila tulitenganishe neno "kosa" na maneno "haitumiki siku hizi". Mtoto akiandika "becuase", hilo ni kosa, amepindua herufi. Akiandika "gaol" badala ya "jail", ameandika neno ambalo Waingereza walilitumia karne kwa karne na bado limo kwenye kamusi zao. Mwalimu anaweza kuandika pembeni kwamba siku hizi wengi wanaandika "jail". Maneno machache tu, na mtoto anaondoka na elimu badala ya aibu.

Kwani hao wenye lugha walikuwa na tahajia moja lini? Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755 aliandika "musick" na "publick" zenye k mwishoni, na "errour" na "governour" zenye u. Waingereza wenyewe baadaye wakaziacha k, wakaipunguza u kwenye maneno hayo na kuibakiza kwenye "honour" na "colour". Noah Webster huko Marekani, kwenye kamusi yake ya 1828, akaiondoa hata hapo. Alipendekeza pia "tongue" iandikwe "tung", watu wakakataa, ikafa. Sahihi za Shakespeare zilizobaki, ambazo wataalamu wengi wanazikubali kuwa za mkono wake, ni sita, na hakuna hata moja iliyoandikwa kama tunavyoliandika jina lake leo. Tahajia ni mapatano ya watu. Mapatano hubadilika, na aliyeandika chini ya mapatano ya zamani hakuvunja kitu.

Hata sayansi imo. Mwaka 1990 jumuiya ya wanakemia duniani, IUPAC, ilichagua "sulfur" yenye f, na mwaka 1992 wanakemia wa Uingereza nao wakaipokea. Mtoto anayeandika f kwenye somo la kemia anafuata wanakemia wenyewe.

Na sisi kwenye Kiswahili chetu tunajua kuishi na jambo hili. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alisema na kuandika "kheri" na "khabari" mpaka anaingia kaburini. Mimi naandika "heri" na "habari" kwa sababu shule ilinifundisha Kiswahili sanifu kilichotokana na mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati iliyoundwa 1930. Siku zote nilipokea barua zake nikazisoma kwa furaha. Hakuna mtu kwenye ukoo wetu aliyewahi kusema bibi hajui Kiswahili. Huruma hiyo tunayo kwa lugha yetu, lakini kwenye lugha tuliyoletewa tumekuwa wakali kuliko wenyewe, na ukali wote unamwangukia mtoto wa miaka 14.

Mwalimu amerudisha alama tano. Ya sita, ya "to-day", ameibakiza, na tumeachana kwa amani. Binti yangu aliniuliza aandike nini kwenye mtihani. Nilimwambia aandike s mpaka amalize shule, kisha achague mwenyewe. Iliniuma kusema hivyo.

Jana usiku alikuwa tena na lile sanduku. Akaniletea karatasi moja, kidole kimewekwa chini ya neno "gaol", akitaka kujua kama nalo ni la zamani. Nikamwambia ndiyo. Kisha tukaisoma barua yote. Ni ya kuulizia mkata mkonge mmoja ambaye hajaonekana kazini siku tisa, na baba ameandika kwamba amesikia yupo "in gaol" kwa ajili ya kodi ya kichwa, na kwamba mkewe amekuja ofisini na watoto wawili kuomba posho yake. Binti yangu akaniuliza kodi ya kichwa ni nini. Tukakaa mpaka saa tano.