Laptopu ya ofisi iliyokarabatiwa au mpya ya bei ya chini?

Mwenye bajeti finyu anayetafuta laptopu hufika kwenye njia panda ile ile. Upande mmoja kuna mashine mpya ya bei ya chini, ndani ya boksi lake, na waranti ya mwaka mmoja. Upande wa pili, kwa pesa hizo hizo, kuna laptopu ya ofisi ya miaka kadhaa iliyopita, iwe ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell au EliteBook ya HP, iliyokarabatiwa na kurudishwa sokoni. Ushauri unaosikika zaidi siku hizi ni kwamba uachane na mpya, uchukue ya ofisi. Nauunga mkono, lakini kwa masharti, kwa sababu jinsi unavyotolewa huruka mambo mawili yanayoamua kila kitu: kizazi cha prosesa (chipu inayofanya hesabu za mashine), na nani atabeba hasara mashine ikigoma wiki ya tatu.

Ushauri wenyewe una msingi. Laptopu nyingi za ofisi haziingii sokoni kwa kuwa zimeharibika. Makampuni hununua au hukodi mashine kwa mamia, na mkataba wa kukodi, kama waranti, mara nyingi huwa wa miaka mitatu au minne. Muda ukiisha huondolewa zote kwa mkupuo: ile iliyozunguka kwenye begi la mtu wa mauzo na ile iliyokaa juu ya meza ya mhasibu bila kusogezwa. Zilipokuwa mpya ziliuzwa ghali kuliko laptopu za kawaida za nyumbani, na tofauti hiyo ya bei haikwenda kwenye kasi peke yake. Ilikwenda kwenye bawaba zinazostahimili kufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, kwenye kibodi ya kuandikia siku nzima, na kwenye urahisi wa kutengenezwa. Fungua kifuniko cha chini cha nyingi kati ya hizo za mwaka 2018: betri imeshikwa kwa skrubu badala ya gundi, SSD, yaani hifadhi ya mafaili, inatoka ukilegeza skrubu moja, na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi inayoendelea, imekaa kwenye nafasi zake, inachomoka kwa vidole. Tena Lenovo, Dell na HP wameweka kwenye tovuti zao miongozo ya fundi inayoonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kuzifungua, na haidaiwi hata senti.

Laptopu mpya ya bei ya chini kabisa haina hayo. Mwili ni plastiki, bawaba zimeshikiliwa na plastiki hiyo hiyo, na mara nyingi RAM ya GB 4 au 8 imechomelewa kwenye bodi. Nyingi zinatumia hifadhi ya eMMC, aina ya bei rahisi kuliko SSD, nayo imechomelewa pia. Siku hifadhi hiyo ikijaa au ikifa, hakuna cha kuchomoa wala kuchomeka. Mashine yenye prosesa ya viini viwili (sehemu zinazofanya hesabu) kama Celeron N4020 na RAM ya GB 4 huanza kukwama ukifungua kurasa chache za intaneti pamoja na simu ya video, hata kama imetoka kwenye boksi asubuhi hiyo. Ikiwa chaguo ni kati ya hiyo na EliteBook ya 2018 iliyo nzima, sioni hata sababu ya kujadiliana.

Tatizo ni kwamba mashindano hayawi hayo kila mara, na hapa ndipo wapenzi wa laptopu za ofisi huteleza. Januari 2023 Intel walitoa prosesa ndogo ya N100, yenye viini vinne na iliyokadiriwa kwa wati 6 tu, ikaanza kuingia kwenye laptopu za bei ya chini. Kwa kazi za kawaida inaipita bila shida Core i5-7200U, prosesa ya viini viwili iliyojaa kwenye laptopu za ofisi za mwaka 2017. Inaikaribia hata i5-8250U iliyokuja baada yake. Isitoshe, inafungua video zilizobanwa kwa mfumo wa AV1 ndani ya chipu yenyewe, jambo ambalo prosesa hizo za zamani haziwezi, na betri ya laptopu hiyo mpya haijawahi kutumiwa na mtu mwingine. Anayesema mpya ya bei ya chini ni takataka daima anaongelea soko la miaka iliyopita.

Kwa hiyo swali la kwanza si chapa wala umri wa jumla, ni kizazi. Hadi kizazi cha saba, prosesa za Intel za laptopu nyembamba za ofisi, zile ambazo jina lao linaishia na U, zilikuwa na viini viwili, iwe i5 au i7. Agosti 2017 kikaja kizazi cha nane, na i5-8250U ikawa na viini vinne. Kibandiko cha i7 kinawauzia watu wengi mashine dhaifu kwa sababu hiyo: i7-4600U ya mwaka 2013 ina viini viwili, na inaachwa mbali na i5 ya kizazi cha nane. Kwa prosesa hizi za Intel, namba inayofuata mstari mdogo kwenye jina ndiyo inayosema ukweli. Ikianza na 4, 6 au 7, tulia kwanza. Ikianza na 8 au 10, endelea kusikiliza.

Mstari huo huo wa kizazi cha nane ndio Microsoft walioutumia kwa Windows 11, pamoja na sharti la TPM 2.0 (chipu ya usalama), mbali na prosesa chache mno za nyuma zilizoachiwa zipite. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa ofisi nyingi hiyo ilikuwa amri ya kuondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, na mashine za namna hiyo ndizo unazoziona zikiuzwa kwa bei ya kuvutia, zikiwa safi, zimefutwa, zinawaka haraka. Wapo wanaoziwekea Windows 11 kwa kuruka ukaguzi. Inawezekana, lakini Microsoft hawaahidi kwamba zitaendelea kupata masasisho, na mnunuzi wa kawaida haambiwi kitu hicho anapoonyeshwa skrini inayong'aa. Namuonea uchungu mwanafunzi anayetoa akiba yake yote kwa mashine ya aina hiyo akiamini imekamilika.

Kwa anayetumia Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, hesabu inageuka kabisa. ThinkPad au Latitude ya kizazi cha sita, yenye RAM ya GB 16 na SSD, inaendesha Linux Mint au Fedora vizuri na kupata masasisho ya usalama kama mashine nyingine yoyote. Kwake yeye bei hizo zilizoshuka ni unafuu wa kweli. Lakini ni yeye tu. Asimshauri jirani yake anunue hiyo hiyo bila kumuuliza anatumia programu gani kazini.

Betri ndipo uzuri wa nje unapodanganya zaidi. Laptopu iliyokaa mezani miaka minne ikiwa imechomekwa kwenye umeme huonekana kama haijaguswa: vitufe havijalika, pembe hazina mikwaruzo. Ila betri ya lithiamu inayokaa imejaa muda wote kwenye joto hupoteza uwezo hata kama haikutumiwa sana. Kwenye Windows kuna njia ya kuthibitisha isiyohitaji programu ya ziada. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotengenezwa. Tazama mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo ikijaa. Ikiwa wa kwanza ni mWh 50,000 na wa pili ni 30,000, imebaki asilimia 60, na saa za kufanya kazi bila umeme zimepungua kwa kadiri hiyo. Kazi hii haifiki dakika moja, kwa hiyo muuzaji wa mbali anayesema "betri iko poa" aombwe picha ya ripoti.

Kubadilisha betri nako si jambo jepesi kama linavyosemwa. Kwa mashine za miaka mingi, betri halisi ya mtengenezaji huenda imekaa ghalani muda mrefu, na betri huzeeka hata ikiwa haitumiki. Za viwanda vingine zipo tele, nyingine nzuri, nyingine zimeandikwa uwezo ambao hazina. Ndiyo maana ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina wapenzi wengi hadi leo: ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, na ile ya nje unaitoa kwa kusukuma vibanio viwili huku mashine ikiendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Lakini hata hiyo iliwahi kuuzwa ikiwa na skrini hafifu ya 1366 kwa 768, kwa sababu ofisi zilizonunua kwa mamia zilibana matumizi hapo. Jina la modeli halikuambii umeletewa skrini ipi. Uliza, na usikubali chini ya 1920 kwa 1080 kama utakuwa unasoma na kuandika siku nzima.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kufuli za mwenye mali wa zamani. Ofisi huweka nywila ya msimamizi kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine. Kwa ThinkPad, nywila hiyo ikipotea, jibu rasmi la Lenovo ni kubadilisha bodi kuu, yaani gharama inayomeza unafuu wote. Kufuli nyingine haionekani kabisa dukani. Ofisi inayotumia Windows Autopilot, huduma ya kusimamia mashine za ofisi, husajili utambulisho wa mashine kwa Microsoft, na isipoiondoa kwenye orodha yake kabla ya kuiuza, mashine hufanya kazi vizuri mpaka siku utakapoiweka upya. Hapo ndipo inapounganishwa na intaneti na kuleta ukurasa wenye jina la kampuni usiyoijua, ikidai akaunti ya mfanyakazi. Mnunuzi huona ameuziwa kitu cha wizi, na muuzaji huenda naye hakujua.

Dawa yake ni kuiweka upya kabla ya kulipa, au ndani ya muda wa kurudisha, ikiwa imeunganishwa na intaneti tangu mwanzo. Ikipita mpaka kwenye ukurasa wa kufungua akaunti yako mwenyewe, salama. Washa tena, ingia kwenye BIOS, jaribu kubadilisha kitu kidogo kama mpangilio wa kuwaka. Ikikudai nywila, irudishe. Kuiweka upya kunaondoa pia programu zilizopachikwa na wauzaji wa katikati. Nyingi za mashine hizi zina leseni ya Windows Pro ndani ya BIOS yenyewe, hivyo ukiweka Windows ya toleo hilo hilo kutoka kwa Microsoft hujiamsha yenyewe. Mkarabati anayeweka Windows ya wizi juu ya mashine yenye leseni amekuonyesha kiwango chake cha kazi.

Maana "kukarabatiwa" hakuna kipimo kimoja kinachowafunga wote. Kuna warsha zinazofungua kila mashine, kutoa vumbi, kupima hifadhi na kubadilisha kilichochoka. Kuna wanaofuta kifuniko kwa kitambaa na kupandisha bei. Alama za A, B na C mara nyingi hueleza sura tu: mikwaruzo, kung'aa kwa vitufe, madoa ya skrini. Kwa mwenye bajeti finyu, B yenye betri nzima na ripoti ya SSD ni bora kuliko A isiyo na chochote. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaonyesha SSD imefanya kazi saa ngapi na hali yake ya afya. Muuzaji makini hukutumia picha hiyo bila kuombwa mara mbili.

Jumlisha kila kitu: bei, betri utakayobadilisha mapema, chaja kama iliyokuja nayo si ya asili, labda RAM ya ziada, kisha gawanya kwa miaka unayotarajia. Hapo picha hubadilika. ThinkPad T14 ya mwaka 2020 yenye Ryzen 5 PRO 4650U, prosesa ya AMD ya viini sita isiyofuata namba za Intel, inaweza kuonekana ghali kando ya T470 ya 2017, lakini kwa mtumiaji wa Windows ndiyo rahisi kati ya hizo mbili. Kumbuka tu kwamba kadiri unavyosogea kwenye mashine mpya ndivyo sifa ya kutengenezeka inavyopungua: T14 hiyo ina sehemu ya RAM iliyochomelewa na nafasi moja ya kuongeza, na X1 Carbon imechomelewa yote. Kwa X1 Carbon ya GB 8, ulichonunua ndicho utakachokuwa nacho mpaka mwisho.

Msimamo wangu ni huu. Bajeti ikifika mashine ya kizazi cha nane au zaidi, yenye RAM ya GB 16 au nafasi ya kuongeza, kutoka kwa mtu anayeandika waranti na muda wa kurudisha kwenye risiti, chukua ya ofisi. Bajeti ikiishia kwenye kizazi cha sita au cha saba na unahitaji Windows, laptopu mpya yenye N100, RAM ya GB 8 na SSD inayochomoka ni chaguo la busara zaidi, hata kama kibodi yake haifikii ya ThinkPad. Na ikiwa uko mbali na fundi, unategemea mashine hiyo moja kwa riziki au masomo, na huwezi kukaa wiki mbili ukisubiri kipuri, basi waranti ya mashine mpya ina thamani kubwa kwako kuliko kwa mwenye mashine ya akiba kabatini. Anayehariri video nzito au kuchora michoro ya 3D yuko nje ya mjadala huu. Laptopu nyembamba za ofisi hazikuundwa kwa kazi yake, na N100 ndiyo kabisa.