Nyuklia Siaya au makapi ya miwa: hesabu ya siku ya kuzimika

Tangu Serikali ielekeze macho Siaya kuwa mahali pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini Kenya, baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kuupinga mradi huo, mjadala wa huku ziwani umekuwa wa ajira na fidia ya mashamba upande mmoja, hofu ya mionzi na samaki upande wa pili. Linalotajwa kwa nadra ni hili: gridi ya taifa itahimili vipi siku kinu hicho kitakapozimika ghafla?

Wanaoutaka mradi wana hoja. Nyuklia huzalisha umeme usiku na mchana, haingoji mvua kama kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu, na ukanda wa magharibi umekaa miaka mingi mwishoni mwa nyaya zinazotoka mbali. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, Kisumu, anaijua hali hiyo: nguvu ya stima ikishuka jioni, kijiti hunata kwenye chuma badala ya kuyeyuka, na kazi ya mteja hulala. Pengo hilo limekuwa likizibwa na mtambo wa Muhoroni unaochoma mafuta, ambayo gharama yake huishia kwenye bili zetu.

Hata hivyo, kinachozungumziwa ni takriban megawati 1,000, ilhali matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalivuka 2,300 mwaka 2025 tu. Giza lilipotanda Agosti 2023, Kenya Power ilisema hitilafu ilianzia kituo cha upepo cha Ziwa Turkana. Wenye kituo wakajibu kwamba gridi ndiyo iliyowatoa. Awe na haki yeyote kati yao, kituo chenyewe kina megawati 310 pekee.

Umeme wa makapi ya miwa una tatizo la kinyume. Mtambo wa kuchoma makapi wa kiwanda cha sukari cha Mumias ulikuwa na megawati 38, na kuanzia 2009 ukawa ukiuzia gridi 26. Kiwanda kilipozama kwenye madeni umeme huo ulipotea, na nchi haikutikisika. Labda ndiyo maana hakuna aliyeharakisha kuufufua. Tena makapi hufuata miwa: 2023 viwanda vilisimamishwa kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae, na pasiposagwa miwa hapana cha kuchoma.

Menengai, eneo la umeme wa mvuke wa ardhini juu ya mji wa Nakuru, haina kigeugeu hicho, ila ina mwendo wa kobe. Uchimbaji wa visima ulianza 2011, na kituo cha kwanza cha megawati 35 kikaanza kuzalisha 2023, kwa kuwa mikataba na ufadhili vilichelewa kuliko mvuke.

Kwa maoni yangu, vituo vya Menengai vilivyosalia vikamilishwe kwanza, na viwanda vya sukari vya Kakamega, Bungoma na Kisumu vipewe bei ya umeme inayolipa. Siaya iendelee kupimwa ardhi na kusomesha wahandisi, lakini zege lisimwagwe kabla gridi haijakua kiasi cha kumudu kupoteza megawati 1,000 kwa mpigo.