Kidirisha Cheupe Pe

Hakuna aliyezirai dukani nilipokuwa naonyesha programu yangu. Hiyo ni chumvi ya rafiki yangu anayesambaza voisi kwenye magrupu tangu jana. Mengine, nakiri, ni kweli.

Programu ya yule mzee wa leso wa Biashara Street ina madirisha 14, na kila moja nilikuwa nimelipaka rangi kivyake. Juzi usiku nikajifanya nina akili: mitindo yote faili moja, faili nikaliunganisha kwenye App.xaml (faili kuu la programu za WPF, zana ya kujengea madirisha ya kompyuta), madirisha yote yateke kisima kimoja. Kwa ajili ya kichwa cha buluu cha madirisha nikaandika mtindo wa TextBlock, yaani kipande cha maandishi: rangi nyeupe, herufi nene. x:Key, ule ufunguo wa kuuita mtindo pale tu unapoutaka, sikuweka. (Wenye kazi yao washaanza kucheka. Chekeni.) Nikajaribu dirisha la kuingilia, likameremeta kama bibi harusi. Nikalala.

Saa tano asubuhi, dukani. Mzee, wanawe wawili, wateja watatu, na rafiki yangu niliyemleta mwenyewe aje ashuhudie. Jua limepiga skrini. Dirisha kuu likafunguka: orodha ya leso ipo, ila vitufe vyote ni vitupu, vya kijivu, vimejipanga kama meno ya bandia.

"Mwanangu, hivi vyasemaje?"

"Maandishi yamo, Mzee. Ni... mepesi."

Mepesi! Akavaa miwani. Akainama. Kidole kikashuka polepole kwenye kitufe cha mwisho. Nataka kusema kitu, ulimi umeganda. Akabonyeza. Kikatokea kidirisha cheupe pe. Mimi najua pale pameandikwa "Una hakika wataka kufuta bidhaa zote?" na chini yake Ndiyo na Hapana. Yeye aona ukuta na matofali mawili. Wateja wameacha kupatana bei. Mzee akanigeukia. Yarabi, Hapana niliiweka kulia au kushoto?

"Kulia, Mzee."

Ilikuwa kushoto.

Basi: mtindo usipoupa ufunguo, aina yenyewe ndiyo huwa ufunguo, na ukikaa App.xaml hushika kila maandishi ya aina hiyo, hata yaliyojificha ndani ya vitufe. Nikaweka x:Key, nikarudisha nakala ya bidhaa, dakika kumi, nikapewa kahawa ya huruma.

Mzee akahesabu nusu ya malipo.

"Nusu iliyobaki nitakuandikia hundi, mwanangu. Kwa wino mweupe."